MAMBO YA NYUMBANI: Viungo vya Mikate ya Miezi ya Baridi

Tangu Juni hata Agosti baridi ya mlima Hanang hutushukia hapa Gitting, na watoto huomba mkate wa moto. Ndipo akina mama wengi hununua pakiti za viungo vilivyokwisha kusagwa. Nawasihi mziache. Kiungo kikisagwa hupotewa na harufu upesi, tena mnunuzi hawezi kujua kimechanganywa na nini.

Nunueni vizima: karafuu za Unguja na Pemba, iliki na pilipili manga za Muheza, tangawizi ya Same. Karafuu njema ina kichwa chake, na ukiibonyeza kwa ukucha hutoa mafuta. Mbegu za iliki ziwe nyeusi, zenye kunatanata. Katika mdalasini mwangalie sana, kwa maana madukani huuzwa miti miwili kwa jina moja. Mdalasini wa kweli ni gome jembamba, lililokunjwa tabaka juu ya tabaka, nalo huvunjika kwa vidole. Lile gome nene, gumu, lenye tabaka moja, ni kida. Si kibaya, lakini likiliwa kwa wingi kila siku laweza kudhuru ini. Waalimu watakumbuka ya kuwa Musa naye alivitenga viwili hivyo: katika Kutoka 30 mdalasini ni shekeli 250, na kida shekeli 500. Kila kitu kilipimwa. Wapishi wetu hutia kwa kukisia, kisha hushangaa mkate wa leo si kama wa jana.

Kipimo changu ni hiki, kwa kijiko cha chai, vyote vikiwa vimesagwa: mdalasini 4, tangawizi kavu 2, iliki 1, karafuu nusu, kungumanga nusu, pilipili manga robo. Asiyependa pilipili aiache. Karafuu msizidishe, mafuta yake hutia ganzi ulimi, ndiyo sababu wazee huitia penye jino linalouma. Na kungumanga liwekwe mbali na watoto, kwani mtu akila zima moja huweza kurukwa na akili na moyo kwenda mbio.

Lakini neno kubwa ni kukausha. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu ya kuvu iliyokuwa ndani ya mahindi, nao hawakuona kwamba wanakula mauti. Kuvu ya namna hiyo huota hata katika tangawizi na kungumanga vilivyowekwa na unyevu, na sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Basi katika ukungu wetu huu haifai kuharakisha. Tangawizi ikatwe vipande vyembamba, ianikwe juu ya mkeka ulioinuliwa, iingizwe ndani kabla ya umande, hata ukiipinda ivunjike kama kijiti. Jua lisipotoka siku tatu, ikaushwe karibu na jiko la mkaa, si juu ya moshi wa kuni, isije ikanuka moshi. Kipande chenye madoa ya kijani au harufu ya uvundo kitupwe. Usikikwangue ukakitumia, mwenye umaskini zaidi asifanye hivyo kwa ajili ya senti chache.

Vikiisha kukauka, vipashwe kidogo katika kikaango kikavu, vipoe kabisa, kisha vitwangwe katika kinu kidogo na kuchekechwa. Ukivifungia vingali na moto, mvuke utageuka maji ndani ya chupa. Kungumanga likwanguliwe kwa kisu siku ile ile ya kuchanganya.

Kwa unga wa ngano nusu kilo, ngano yetu ya Basotu yatosha sana, tieni vijiko viwili vya chai pamoja na sukari, kabla ya maji. Mkate wa sufuria uokwe kwa makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Mchanganyiko utakaobaki uwekwe katika chupa kavu yenye kifuniko, mbali na jua, na tarehe iandikwe juu yake. Baada ya miezi mitatu hufaa kwa chai tu.