MEZA YA NYUMBANI: Mashine ya kahawa ipi yafaa jikoni Kanama?

Kahawa ya arabika iotayo kwenye miteremko ya Ziwa Kivu, kutoka Rutsiro na Karongi hadi Nyamasheke, husifiwa katika nchi za mbali. Kwa miaka mingi wakulima waliipeleka sokoni, na nyumbani watu wakanywa chai. Huko Kanama, wilayani Rubavu, ambako kiwanda cha chai cha Pfunda kiko jirani, desturi hiyo haimshangazi mtu.

Hata hivyo, kahawa imeanza kupata nafasi mezani, na pamoja nayo imekuja mashine ijiendeshayo yenyewe. Hiyo husaga punje, hushindilia unga, husukuma maji ya moto na kujaza kikombe kwa kubonyeza kitufe kimoja. Si jambo geni duniani: kampuni ya Saeco ya Italia ilitoa mashine ya namna hiyo kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1985. Lakini bei yake yaweza kumeza mishahara ya askari ya miezi kadhaa. Kwa hiyo yawapasa mume na mke kuketi pamoja na kupima kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Manufaa yake yapo. Polisi anayeondoka kwenda zamu alfajiri hupata kikombe chake bila kuwasha makaa. Ila ajue kwamba kinu cha kusagia hupiga kelele, na katika nyumba ndogo watoto wataamka kabla yake.

Jambo la kwanza la kutazama ni umeme. Mashine nyingi za aina hii huhitaji wati 1,400 hadi 1,500 wakati wa kuchemsha. Mtambo mdogo wa jua unaowasha taa, redio na kuchaji simu hauwezi kubeba mzigo huo. Umeme wa Rwanda ni volti 230. Askari anayerejea kutoka ulinzi wa amani ng'ambo na kutaka kumletea mkewe zawadi, asome kwanza kibandiko kilicho chini ya mashine. Iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ni ya volti 120, na ikichomekwa hapa itaungua.

Jambo la pili, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni usafi. Ndani ya kila mashine mna kifaa cha kukamulia, ambamo unga wa kahawa hukutana na maji. Katika mashine nyingi za De'Longhi na Philips kifaa hicho hutolewa kwa mkono kupitia mlango mdogo, kikasuuzwa kwa maji na kuanikwa. Jura ya Uswisi hukiacha ndani, na husafishwa kwa vidonge maalumu. Njia zote mbili ni nzuri, lakini vidonge vikikosekana dukani, mwenye Jura hana la kufanya. Kwa familia iishiyo mbali na fundi, ifunguliwayo kwa mkono ndiyo ya kuchagua. Tena askari huhamishwa na huenda kazini kwa majuma mengi. Machicha ya kahawa yakiachwa ndani na unyevu wake, ukungu huota. Nyumba ikifungwa, mashine imwagwe maji, ikaushwe, na mlango wake uachwe wazi.

Tatu ni maziwa, ambayo katika nchi ya malisho ya Gishwati hayakosi kutajwa. Mashine nyingine huyavuta kwa mrija mwembamba ili kuyatia povu. Mrija usipooshwa siku ile ile, maziwa huganda ndani na kuoza. Chombo kisicho na mrija, kama kile kilichomo katika baadhi ya mashine za Philips, huoshwa upesi kama bakuli. Maziwa mabichi sharti yachemshwe kwanza na kupozwa. Mvuke wa mashine hautoshi kuyafanya salama.

Nne ni punje zenyewe. Kahawa iliyokaangwa nyumbani kwenye sufuria mara nyingi huiva upande mmoja, na punje ngumu huumiza kinu. Iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi na kutoa mafuta hukiziba. Ya wastani ndiyo ifaayo. Nayo ichambuliwe kwenye ungo kama mchele, kwa maana kijiwe kimoja chatosha kuharibu kinu cha fedha nyingi.

Muuzaji atasifu shinikizo la pampu, akitaja bari 15. Isimtie mtu kiwewe: espreso huhitaji bari 9 hivi, na karibu kila mashine hufika hapo. Wala wingi wa vitufe usimvutie mnunuzi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Aulize badala yake: ni nani atakayeitengeneza, vipuri viko wapi, na dhamana iliyoandikwa ng'ambo itatambuliwa Gisenyi au Kigali?

Mwisho ni hesabu. Kikombe kimoja huchukua karibu gramu 10 za kahawa, basi kilo moja hutoa vikombe 100. Watu wawili wakinywa vikombe viwili kila mmoja kwa siku, kilo hiyo huwatosha siku 25. Nyumba inayokunywa hivyo kila siku, yenye umeme wa kutegemewa na fundi wa karibu, yaweza kununua mashine bila majuto. Nyumba inywayo kahawa siku za wageni tu, mashine itakuwa pambo la kufutwa vumbi.

Na wasio nayo wasijione wanyonge. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Kanama viko juu zaidi. Katika mwinuko huo maji huchemka chini kidogo ya nyuzi 95, badala ya 100 kama pwani, na kahawa hupendeza ikipikwa kati ya nyuzi 90 na 96. Birika, chujio safi la kitambaa na kahawa iliyosagwa siku hiyo hiyo humpa mama wa Kanama joto lile lile ambalo mashine hulitafuta kwa waya na vipima joto. Fedha iliyobaki ilipe karo ya shule.