Tanga la Mashindano Si Cheo

Wasee wa ubao wa tanga, Bamburi mpaka Shanzu, leo ni zamu yenu. Mtu akishaweza tu kwenda na kurudi bila kuanguka, wiki hiyo hiyo aanza kuuliza: tanga la mashindano la mtumba lapatikana wapi? Naelewa. Likisimama pale mchangani laonekana kama bawa la ndege, na picha yatoka moto. Lakini kwa wengi wetu bado ni mapema, na nitasema kwa nini.

Kwanza tulipe haki yake. Tanga hili lina fito nyingi, na kadhaa kati ya hizo zimebanwa kwenye mlingoti na vidude vya plastiki viitwavyo kemba. Kazi ya kemba ni kushika umbo la tanga. Upepo ukizidi, tanga la kawaida lavurugika na mikono yako yaanza kupigana nalo. La mashindano latulia, na kadiri waongeza kasi ndivyo linavyozidi kuwa tamu.

Sasa bei ya huo utamu. Ni zito. Mfuko wake wa mlingoti ni mpana, ukianguka wanywa maji, na ni wewe wa kuliinua. Lataka mlingoti wake, wenye kaboni nyingi, na kamba ya kulivuta chini yataka nguvu za mtu mzima. Ukinunua tanga la bei ya kutupa halafu ulivalishe mlingoti usio wake, umenunua turubai.

Halafu kuna mahali petu. Tanga kubwa lataka ubao mpana na pezi refu, na pezi laweza kupita sentimita 45. Maji yakipwa ndani ya mwamba, hilo pezi ndilo litakalokwambia kina kimeisha. Na Pirates siku ya Jumapili, hasa Desemba kaskazi ikianza, maji yamejaa watoto na matyubu. Ukiwa na kasi usiyojua kuizima pale, si wewe peke yako utakayeumia.

Najua kuna mwenye kusema: "Nunua kubwa, utajifunza humo humo." Hebu tutazame wanavyolea vijana kwenye daraja la Techno 293, lililotumika Olimpiki ya Vijana 2010, Singapore. Walio chini ya miaka 13 hutumia tanga la mita mraba 5.8, chini ya 15 wapewa 6.8, chini ya 17 ndio wafika 7.8. Na wote wa rika moja wana vifaa vya aina moja. Kwa hiyo akishinda, ni yeye, si tanga. Hata hao wanaotaka medali hupanda ngazi moja moja, sisi twaruka ngazi tukimbilie wapi?

Kipimo changu ni vitu vitatu. Moja, waweza kuacha tanga likuinue kutoka majini, pande zote mbili, hata mahali miguu haigusi chini? Mbili, ubao ukishapaa juu ya maji, miguu yote yaingia kwenye mikanda bila kutazama? Tatu, waweza kugeuza upepo ukiwa mgongoni bila ubao kufa? Hili la tatu ndilo litakalokusumbua zaidi, kwa sababu kemba hukataa kugeuka, halafu zaruka upande wa pili kwa kishindo.

Ukijibu ndiyo mara tatu, nunua, na usiombe ruhusa ya mtu. Ukikwama kwenye moja, tafuta tanga lisilo na kemba au lenye mbili tu, na hela iliyobaki weka kwa hanesi nzuri na jaketi la kuokolea. Kusi ikifika, ina miezi ya kutosha kukufunza kugeuza. Tanga la mashindano halihami, utalikuta.