Gemu Ikifutwa, Mhusika Anabaki wa Nani?

Wasee, wiki hii tuwache algorithimu kidogo. Nataka kuongea juu ya mbwa mwenye suti na kitu fulani kama sungura.

Wanaitwa Sam na Max, wapelelezi. Vituko vyao huanzia ofisini: ofisi chakavu, simu inalia, wanapigania nani ataishika. Steve Purcell aliwatoa kwa kitabu cha katuni mwaka 1987, halafu 1993 kampuni ya LucasArts ikatoa gemu yao, Sam & Max Hit the Road. Unacheka mpaka unasahau kucheza. Mwaka 2002 wakatangaza ya pili, Freelance Police. Machi 2004 wakaifuta, eti soko limebadilika.

Sasa sikieni. Mwaka 2003 kampuni hiyo hiyo ilikuwa imefuta Full Throttle: Hell on Wheels, na hiyo ilikufa kabisa. Lakini Sam na Max walirudi na gemu mpya 2006, wakiwa na Telltale, kampuni iliyoanzishwa na watu waliotoka LucasArts. Wengi husema ni kelele za mashabiki. Mimi nasema ni karatasi. Sam na Max walikuwa mali ya Purcell, LucasArts walikuwa wamepewa leseni tu. Leseni ilipoisha 2005, akawabeba akaenda. Full Throttle ilikuwa mali ya kampuni, basi.

Sasa mimi wa Kitengela hii inanihusu nini?

Kuna jamaa yangu hapa mtaani aliagizwa atengeneze gemu ya simu. Uko ofisi ya ardhi, una bahasha ya ploti yako ya hamsini kwa mia, na faili haionekani. Dirisha la tatu linakutuma la saba. La saba kuna koti kwa kiti, mwenyewe hayuko. Karani mkuu anaitwa Bwana Kesho. Mtu yeyote ambaye amewahi kufuatilia taitoli Kajiado atacheka, halafu atanyamaza kidogo.

Aliyeagiza akaifuta katikati. Sawa, hutokea. Lakini jamaa alipotaka kumtumia Bwana Kesho kwa skiti zake, akaambiwa huyo si wako. Mkataba haukusema kitu juu ya mhusika.

Na hapo ndipo wengi wetu tunachomeka. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinasema kazi ikiagizwa, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mkubaliane vingine. Yaani mkataba ukinyamaza, ni chake.

Kwa hivyo fanya kama Purcell. Mchore mhusika wako mapema, mposti kwa ukurasa wako, ukiweza msajili KECOBO, ndiyo klienti akija akute tayari yuko na mwenyewe. Halafu mkataba uandike wazi: anapewa ruhusa ya kumtumia, kwa muda fulani, na mradi ukifutwa ruhusa inaisha.

Najua mtaniambia klienti atatoroka. Wengine watatoroka kweli, na landlord hataki kusikia mambo ya kifungu cha 31. Kama lazima umuuze mhusika, muuze. Lakini itisha bei ya kuuza. Saa hii tunawauza kwa bei ya kukodisha, na wenye kununua wanajua.