Bwana Shamba Anazungumza Nawe: Mguu Una Ganzi, Haujafa



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya palizi. Leo tuweke jembe chini kidogo. Nataka kukueleza jambo lililompata shangazi yangu. Laweza kumpata mzee yeyote kijijini.

Shangazi aliteleza kisimani akavunjika nyonga. Tulimpeleka hospitali kubwa. Madaktari walimpasua, wakatoa kiungo kilichovunjika, wakamwekea kiungo bandia. Kazi hii si ngeni. Huko Uingereza, Daktari John Charnley aliifanya kwa njia yake mpya tangu mwaka 1962. Hapa kwetu hufanywa pia, kwa mfano katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam.

Usiku ule shangazi hakulia maumivu. Lakini mguu haukunyanyuka. Binti yake alishtuka. "Kaka, wameua mguu wa mama!" Akachukua maji ya moto ili aukande. Muuguzi akamwahi.

Muuguzi alitueleza, nami nikaelewa kwa mfano wa shamba. Maumivu hutoka kwenye kidonda na kwenda kwenye ubongo kwa njia ya mishipa ya fahamu. Ni kama maji yanayopita mferejini. Ukifunga mfereji, maji hayafiki shambani. Basi mtaalamu wa dawa za usingizi alimchoma shangazi sindano kwenye kinena. Aliweka dawa ya ganzi karibu na mishipa hiyo. Dawa hii huweza kufanya kazi usiku kucha. Ikiisha, mguu huamka.

Faida yake ni nini? Mgonjwa hahitaji mofini nyingi. Mofini ni dawa kali. Huleta usingizi, kichefuchefu na kufunga choo. Lakini nyonga ina mifereji mingi, na sindano moja haiifungi yote. Kwa hiyo mgonjwa hupewa pia dawa nyingine. Azipokee kwa saa zake, asingoje ganzi iishe na maumivu yapande.

Ukimwuguza mgonjwa wa namna hii, shika mambo manne:

1. Kabla ya sindano, mwambie daktari dawa zote anazotumia, na zile zinazomdhuru.

2. Asisimame peke yake. Mguu wenye ganzi hauna nguvu. Ataanguka.

3. Usiukande kwa maji ya moto. Hasikii moto. Ataungua bila kujua.

4. Akisikia ganzi midomoni au mvumo masikioni, mwite muuguzi mara moja. Fanya hivyo pia kama ganzi ya mguu haiishi kwa muda mliotajiwa.

Asubuhi shangazi alichezesha vidole vya mguu. Binti yake alilia kwa furaha. Siku hizi shangazi hutembea kwa mkongojo hadi shambani, kuniambia nimekosea kupanda.

Je, kwenu yuko mzee aliyevunjika nyonga na anaogopa hospitali kwa sababu ya maumivu? Msomee ukurasa huu leo, kisha mpelekeni.

Tukutane mwezi ujao.