Ufundishaji kwa mtandao: mtaji umekwenda kwenye mashine, mwalimu ameachwa

Ukurasa huu umezoea kutoa hali ya soko la kahawa ya maganda, ndizi, maharage na samaki wa ziwani. Wiki hii tunaomba ruhusa ya wasomaji wetu tuzungumzie bidhaa nyingine inayouzwa Bukoba na Muleba, ambayo wazazi wengi huilipia kwa fedha za kahawa hiyo hiyo. Bidhaa hiyo ni elimu ya vyuo.

Wafanyabiashara wanalo la kuangalia hapa. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 425 kwa ajili ya mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, na kupitia mradi huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimepangiwa kampasi katika mkoa huu, huko Itahwa, kata ya Karabagaine. Sehemu ya fedha za mradi ni ya kuimarisha ufundishaji kwa njia ya teknolojia. Mwenye kiwanja jirani anayefikiria kujenga hosteli hapana budi ajiulize: wanafunzi watakaa pale mwaka mzima, au watasoma nusu kwa mtandao wakiwa kwao Muleba, Karagwe na Ngara, na kuja Bukoba kwa wiki chache tu? Jibu la swali hilo hana mkandarasi. Analo mhadhiri, maana yeye ndiye ataamua kuutumia mfumo au kuuacha.

Mifumo yenyewe si migeni nchini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza na WebCT, kikaja Blackboard, kisha kikahamia Moodle. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1994, kilianza kwa vitabu vya masomo vilivyochapwa na vituo vya mikoani, Kagera kikiwamo. Leo nacho kina Moodle. Na Moodle haiuzwi. Ilitoka rasmi mwaka 2002, kazi ya Martin Dougiamas wa Australia, mtu aliyekulia jangwani ambako watoto walisomeshwa kwa redio na vifurushi vya ndege. Mtoto wa Bumbire au Goziba ataielewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa.

Kama programu ni ya bure, basi gharama iko wapi? Vitabu vya hesabu vya chuo vitaonyesha seva, kompyuta, waya na ada ya intaneti. Ile kubwa kuliko zote haiandikwi popote, nayo ni muda wa mwalimu. Tuseme mhadhiri ana masomo 3, na kulipanga somo moja upya kwa ajili ya mtandao kunamchukua saa 40. Hizo ni saa 120, sawa na wiki 3 kamili za kazi. Chuo chenye wahadhiri 30 kinawadai saa 3,600. Hakuna mwenye duka atakayempa mtu mzigo wa namna hiyo bila kuuliza nani analipa, lakini vyuo hufanya hivyo na kisha kushangaa kwamba mfumo hautumiki.

Kinachotolewa kwa kawaida ni semina. Siku 2, chai na vitafunwa, posho, picha ya pamoja, cheti. Baada ya mwezi neno la siri limesahaulika. Joel Mtebe wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika mwaka 2015 kuhusu matumizi madogo ya mifumo hii katika vyuo vya Afrika kusini ya Sahara, na mtihani wenyewe ulikuja Machi 2020. Serikali ilipofunga vyuo kwa sababu ya korona, mifumo ilikuwapo katika vyuo kadhaa, lakini wanafunzi wengi walikaa tu nyumbani wakisubiri hadi vilipofunguliwa tena tarehe 1 Juni.

Wasomaji wetu wamekwisha kuona jambo gumu zaidi likifanikiwa. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, hakuna aliyemwita mama muuza ndizi semina ya siku 2. Palikuwa na wakala kwenye kona, kijana mwenye meza na mwavuli, aliyemwonyesha bonyeza hapa, andika hapa, na aliyelipwa kamisheni kwa kila muamala. Chuo kinaweza kufanya vivyo hivyo. Kichukue wahitimu wachache wanaozijua kompyuta, kila idara ipewe mmoja, akae na mwalimu ofisini kwake muhula mzima, na alipwe kwa kila somo lililokamilika na kutumiwa na wanafunzi. Gharama yake haitazidi sana ya hizo semina.

Hata hivyo, inaelekea kikwazo kikubwa si ujuzi. Ni mali. Noti za mhadhiri ndizo bidhaa yake ghalani. Amezikusanya miaka 10 au 15. Wako wanaopata kipato cha ziada kwa vitini, na wako wanaofundisha kwa muda katika chuo cha pili kwa noti zile zile. Anapoambiwa azipakie zote kwenye seva ya chuo, anajiuliza swali ambalo mfanyabiashara yeyote angejiuliza: nikishakabidhi mzigo wote, mwakani wataniita tena, au watamweka kijana wa mshahara mdogo asimamie noti zangu? Wakuu wa vyuo huita hali hiyo uzito wa kubadilika. Mimi naiita hesabu sahihi ya mtu asiye na mkataba.

Basi apewe mkataba. Ukurasa mmoja unatosha: noti ni za nani, chuo kinaweza kuzitumia kwa muda gani, mwandishi analipwa nini zikitumiwa na mwingine. Muhula wa kwanza apunguziwe vipindi, na kazi ya kuandaa somo la mtandaoni ihesabiwe anapoomba kupandishwa daraja. Pia asianze na kila kitu. Aanze na kupokea kazi za wanafunzi na kutoa alama, maana hapo ndipo mfumo unampunguzia mzigo wa karatasi wiki ile ile. Akionja faida hiyo, noti zitafuata.

Wapo watakaosema tatizo ni umeme na intaneti. Ni kweli kwamba nyaya za baharini zilipokatika tarehe 12 Mei 2024 nchi nzima ilihisi, na kwamba bando ni ghali kwa mwanafunzi wa Muleba. Lakini programu ya simu ya Moodle humruhusu mwanafunzi kupakua somo akiwa mahali penye mtandao na kulisoma baadaye bila mtandao. Mwalimu akiweka kurasa 5 za maandishi badala ya video ya saa nzima, bando linapungua sana. Anayeamua hilo ni mwalimu yule yule.

Kwa wenye mitaji midogo, ushauri wangu ni kutokimbilia hosteli ya vyumba 20 kabla ya kujua chuo kimekubaliana nini na wahadhiri wake. Wakikubaliana, wateja watakuwa watu wa wiki mbili mbili, na chumba cha kulipia kwa usiku kitauzika kuliko cha mwaka. Wasipokubaliana, fotokopi na vitini vitaendelea kuuzwa kama kawaida. Kwa upande wa Muleba, jirani na chuo cha ualimu Katoke au chuo cha afya Rubya, fremu moja yenye printa, betri ya akiba na intaneti ya kuuza kwa saa inaingiza fedha kwa hali zote mbili.