Moshi Hauulizi Kabila
Nchini Marekani, watu weusi kwa wastani huvuta hewa chafu zaidi kuliko weupe, na hatari ya saratani itokanayo na hewa hiyo huwaelemea wao zaidi. Chanzo ni makazi waliyosukumwa kuishi, wala si damu yao. Huku Ufipa, baridi ya uwanda wa juu huwafungia akina mama ndani pamoja na moshi wa kuni, ambao wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanasema yaelekea husababisha saratani. Mkakati wa Taifa unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lakini mtungi wa ruzuku ukiisha gesi, kuni hurudi. Basi viongozi wa Rukwa wahesabu mitungi inayojazwa tena, si iliyogawiwa.