Deni Lisilo na Jina

Mama mboga mmoja hapa Mugutha, kaunti ya Kiambu, ana daftari ambalo jalada lake limelowa mafuta. Kila mstari una jina la mwanafunzi, sukuma ya ishirini, nyanya tatu, na pembeni neno HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi: atalipa mkopo ukiingia. Wahadhiri wa vyuo vya umma walipogoma siku 49, kuanzia Septemba 17 hadi Novemba 5, 2025, wateja wake wakarudi makwao na madeni yakabaki kibandani. Mgomo ule aliulipia yeye.

Na uligombaniwa nini? Shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya mishahara ya mwaka 2017 hadi 2021. Deni la serikali lililokuwa limeota mvi!

Nitaambiwa hazina ni tupu. Haya. Lakini Chuo Kikuu cha JKUAT, pale Juja, ilipowatunuku watu 118 shahada za uzamivu katika mahafali moja, Juni 2019, hadi Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaja kuuliza maswali, kilichopungua kilikuwa pesa? Na mfumo wa ufadhili wa vyuo vikuu wa 2023 ulipowagawa wanafunzi mafungu mafungu, waliokimbilia mahakamani walikuwa wanafunzi na watetezi wa haki. Mahakama Kuu ikaubatilisha Desemba 2024, serikali ikakata rufaa. Wakuu wa vyuo je? Kimya, kana kwamba wametia maji mdomoni.

Woga wao una historia, tena ya jirani. Mwaka 2022, Profesa Paul Wainaina wa Chuo Kikuu cha Kenyatta alikataa kuachilia ekari 410 za chuo. Rais Uhuru Kenyatta akafoka hadharani, Wainaina akaondolewa. Serikali ilipobadilika, akarudishwa, nasi tukashangilia. Tulishangilia nini? Ikulu moja ilimtoa, Ikulu nyingine ikamrudisha. Chuo chenyewe hakikuulizwa.

Hata Marekani mambo ni hayo hayo. Machi 2025, Chuo Kikuu cha Columbia kiliyainamia matakwa ya Donald Trump baada ya kunyimwa dola milioni 400. Aprili, Harvard ikakataa, ikafungiwa zaidi ya dola bilioni 2, ikaenda mahakamani. Vyuo vyote viwili ni tajiri. Kilichovitenganisha ni moyo wa walio juu.

Basi tusiletewe tena wakuu waliopimwa kwa utiifu. Baraza la chuo lililoteuliwa na waziri litamkemea waziri kwa mdomo gani? Wahadhiri, wanafunzi na wahitimu wapewe kura ya kumwajiri naibu chansela na ya kumfuta. Hesabu za chuo nazo zibandikwe ukutani, karibu na ratiba ya mitihani.

Mama mboga wa Mugutha hana uzamivu, ila kila deni analijua mwenyewe ni nani. Fungua vitabu vya vyuo vyetu: mabilioni yamo, majina hayamo.